Shati Lililobaki kwa Fundi

Fundi hakuwahi kukata nguo ambayo mwenyewe hajaja kuichukua. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu wa mtaa wake hapa Gitega wanalolitaja kwanza sasa kwa kuwa hayupo, na kwa sababu mimi ndiye niliyemfanya alivunje. Alizaliwa wapi na mwaka gani sijui vizuri. Ukimuuliza mambo hayo alikuwa anakukabidhi sindano umtungie uzi, na ulipomaliza kutunga, swali lilikuwa limeshapoa.

Nyuma ya cherehani yake, ukutani, kulikuwa na safu ya misumari, na kwenye misumari hiyo zilining'inia nguo zilizosahauliwa. Kaptula ya kaki ya mwanafunzi ambaye sasa ana watoto watatu. Koti la bwana harusi ambaye harusi yake ilivunjika wiki moja kabla. Blauzi ya mama mmoja aliyehamia Bujumbura akasema atatuma mtu. Kila Ijumaa baada ya swala Fundi alizishusha zote, akazikung'uta vumbi, akazikagua kama panya hajapita, akazirudisha. Majirani walimtania kwamba wenzake wanafuga kuku, yeye anafuga nguo. Hakukasirika. Alisema tu, bila kuinua macho, "Iyi nguo iko na mwenyewe. Mwenyewe iko mu njia."

Kuna mwaka mwenyewe alikuja kweli. Mwanamke aliyekuwa ameacha imvutano yake, ile nguo ya kujitanda ambayo akina mama wa huku huvaa harusini, alikimbia nchi na kurudi baada ya miaka mitano. Alisimama barazani akauliza kwa aibu kama kazi yake bado ipo. Fundi aliinuka, akaishusha nguo, akamwekea mikononi, akamwambia pindo alishalimaliza siku nyingi. Yule mwanamke alikaa chini sakafuni akalia. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia Fundi agawe zile nguo, na yeye mwenyewe alikisimulia kisa hicho mpaka tukakichoka. Nadhani kilimharibu, maana kilimpa ushahidi.

Mimi nilimfikia kwa ajili ya lugha. Wazazi wangu ni wa Bugendana, lakini nililelewa Tanzania, na tuliporudi nikapata kazi ya kufundisha shule moja kule Mushasha. Kirundi changu kilikuwa cha kuchekwa. Watoto wa darasa la tatu walinisahihisha mbele ya mkurugenzi wa shule. Jumamosi moja nikashuka kwenye mtaa wa Waswahili kupunguza sketi, nikamsikia mama mmoja, ndiye Fundi, anagombana na uzi wake kwa Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili nilichokulia, kilichanganyika na Kirundi na Kifaransa, lakini nilikisikia mpaka kifuani. Sketi iliisha siku ileile. Mimi nilirudi kila Jumamosi kwa miaka tisa.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kwamba kila mshono unakula nguo. Nilimwambia naelewa. Akanivua kitambaa changu cha kichwa, akanipa mkasi, akaniamuru nikikate vipande vinne, halafu nivishone tena kama kilivyokuwa. Nilipomaliza akasema haya, jifunge. Hakikufika masikioni. Ukingo wa kila kipande ulikuwa umeingia ndani ya mshono na kupotelea humo. Fundi alicheka mpaka akashika ubavu, na kitambaa chenyewe nilikuwa nimekinunua kwa mshahara wa kwanza.

Futi ya kupimia ilikuwa inaning'inia shingoni mwake kwa heshima ya wateja tu. Vipimo vyake vya kweli vilikuwa shubiri na vidole. Alikushika mabegani mara moja, na mwaka mzima baadaye angeweza kukushonea blauzi bila kukuona. Kwa sare za watoto wa shule aliacha pindo kubwa ndani, chini ya sketi na kwenye mikono ya mashati, na wazazi walipolalamika kwamba anakula kitambaa chao aliwaambia subirini. Baada ya mwaka walirudi, akafumua pindo, na mtoto akawa na sare mpya. Sikumwona hata siku moja akishona nguo ya mtoto bila kumwekea nafasi ya kukua.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mtakatifu. Alikuwa mchoyo wa sindano kupita kiasi. Ungeweza kumwomba sukari nusu ya kopo akakupa lile kopo, lakini sindano hapana, na aliyeazima ya mwisho anatajwa mpaka leo. Aliswali swala zote tano, na katikati alilaani bobini kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, nikiwa mwalimu. Alichukia uongo. Aliwahi kumfukuza mteja aliyemdanganya kuhusu tarehe ya harusi. Lakini wanawake walionenepa aliwasomea vipimo vya mwaka jana kwa sauti kubwa, kisha akakata kwa vipimo vya kweli, nao wakaenda nyumbani wakifurahi. Nilipomuuliza alisema huo si uongo, hiyo ni kazi.

Rafiki alikuwa naye mmoja tu, na alimwita Jirani, ingawa kati yao kulikuwa na safari ya siku nzima. Walikutana kambini Tanzania, wakati wa vita. Vibanda vyao viligawana ukuta mmoja wa udongo. Fundi ni Mwislamu wa mjini, Jirani ni Mkristo, mama mkulima wa Butihinda, kule Muyinga, na nadhani hapa nyumbani wasingepata hata sababu ya kusalimiana. Kule walimlea pamoja mtoto wa Jirani, wakaugua pamoja. Usiku walilalia mafurushi yao ya nguo, ili kukitokea kelele waamke mzigo umeshafungwa, na zoea hilo halikuwatoka hata miaka ilipopita bila kelele yoyote. Shingo ya Jirani iliharibika kwa sababu hiyo. Fundi akamwahidi kwamba wakifika kwao atamshonea mto, alale kama mtu aliye nyumbani.

Jirani alikuwa na kijana wa kiume, mmoja, wa miaka kumi na tisa. Huyo kijana alimletea Fundi shati lake, la buluu lenye mistari myembamba myeupe, kola imechakaa, akaomba ageuziwe kola. Alisema atalipitia Jumatatu. Kabla ya Jumatatu akawa ameondoka. Wengine walisema alifuata kazi mgodini, wengine walisema alichukuliwa njiani, na hakuna aliyesema alimwona tena. Fundi aligeuza kola kama alivyoagizwa. Kambi ilipofungwa alilirudisha shati ndani ya furushi lake mpaka Gitega, akalipa msumari wake peke yake, ule wa karibu na mlango.

Alitaka kumpa Jirani, mama wa kijana. Jirani alikataa. Alisema kijana alilipeleka kwa fundi, basi atalifuata kwa fundi, na akikuta limeondolewa atadhani hakuna anayemngoja. Ndugu zake wa Butihinda walimbembeleza wafanye kuganduka, yaani ile sherehe ya kumaliza msiba, maana msiba wa mume wake walishaumaliza na wa kijana ulibaki. Aliwajibu kwamba msiba haumalizwi wakati shati la mtu lipo kwa fundi. Kila Jumapili walipigiana simu yeye na Fundi, wakaulizana mvua, maharage, shingo, macho. Mwishoni Jirani aliuliza, "Na lile shati?" Fundi alijibu, "Iko." Simu ikakatwa. Nilisikia hivyo Jumapili nyingi sana, kiasi kwamba nilidhani ni namna yao ya kuagana.

Macho ya Fundi yalianza kuzimika polepole, kutoka pembeni kuja katikati. Hospitalini walimwambia yaliyopotea hayarudi. Hakulia mbele yetu. Alirudi barazani, akafunika cherehani kwa kanga, akasema sasa anashona mito ya Jirani, miwili, kwa mkono. Cherehani alisema ni ya wateja, mkono ni wa mtu wako. Alikuwa na gunia la mabaki ya vitambaa alilolijaza miaka yote, kidogo kutoka kila nguo aliyoshona, na alikuwa na kipande cha kadibodi cha ukubwa wa kiganja alichokitumia kukatia. Mimi nilikata kwa kufuata kadibodi, yeye aliunga. Vipande thelathini na vitano kwa kila mto, safu saba. Kila kipande alikipapasa kwanza akakitambua: hiki cha ubatizo wa mtoto wa nani, hiki cha yule mwalimu aliyefariki. Ndani tuliweka mabaki ya sponji ya magodoro, tukayachambua kwa vidole mpaka yakawa laini.

Mto wa kwanza uliisha, nao ulikuwa mzuri. Sijawahi kuona kitu kizuri zaidi kilichotoka mikononi mwa mtu ninayemjua. Kwa mto wa pili hatukuwa na vipande vya rangi moja vya kutosha, na hapo ndipo nikafungua mdomo.

Nilimwambia kuna lile shati. Jumamosi iliyofuata nikarudia. Niliona nina akili nyingi. Nilimwambia Jirani hataki shati, lakini mto hatakataa, na kila usiku atakuwa amelalia kijana wake. Nilipoona bado, nilimwambia jambo ambalo sasa nalijutia kuliko yote. Nilimwambia yeye akishaondoka, wapwa zake watauza cherehani na kutupa zile nguo zote jalalani, na shati litakuwa tambara la kufutia pikipiki. Nilikuwa nasema kweli. Aliweka mikono juu ya magoti. Halafu aliinuka, akapapasa ukuta mpaka kwenye msumari wa mlangoni, akalishusha shati, akaniwekea mapajani pamoja na mkasi.

"Kata weye," alisema. "Mi siwezi."

Nilikata. Vipande ishirini na vinane vilivyonyooka, bila hata uzi mmoja kuchomoza. Kola haikuingia kwenye kadibodi, akaiweka ndani ya kopo lake la vifungo.

Likizo ilipofika nilipeleka mito mwenyewe. Esanse, yaani petroli, ilikuwa imepotea wiki hizo, tukangoja gari siku mbili kituoni, mito nikiwa nimeifunga kwenye shuka safi na kuipakata. Kupitia Karuzi mpaka Muyinga, kutoka Muyinga pikipiki mpaka Butihinda. Jirani alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, shingo imeinama upande kama mtu anayesikiliza. Alinipokea kama binti yake. Alipofungua shuka na kuona mto wa kwanza aliuweka usoni, akaunusa, akacheka. Alianza kutambua vitambaa: kitenge hiki Fundi alikuwa nacho kambini, hiki cha njano walinunua pamoja. Alimwita mke wa shemeji yake aje aone. Kisha akashika mto wa pili.

Hakupiga kelele. Alipitisha kidole kwenye mistari myeupe, kipande kimoja, kingine, kingine, mpaka akafika ukingoni. Mke wa shemeji aliona uso wake akatoka nje.

"Nani amelikata?" aliniuliza.

Nikasema, "Fundi."

Neno hilo lilitoka lenyewe, haraka, kama mkono unaovutwa kutoka kwenye moto. Nilikuwa na nafasi ya kulirekebisha. Nilikaa kwenye kigoda chao alasiri nzima, nafasi ikawepo, sikulirekebisha.

Jirani alichukua wembe akaketi kwenye mkeka mbele ya mlango. Alifumua mto wa pili mshono kwa mshono, kwa utulivu, bila kuharibu kitambaa. Vipande vya buluu alivinyoosha kwa kiganja na kuvipanga juu ya mkeka, kifua, mgongo, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mpaka mtu akawa amelala pale bila kichwa. Alimtazama. Halafu alivikusanya, akavifunga kwenye kitambaa.

"Mrudishie," alisema. "Mwambie alilikata, basi alishone. Kijana akija akute shati."

Nilimuuliza na mto ule mwingine je. Alisema nauweka tu, hautaguswa. Asubuhi nilipoondoka niliuona juu ya sanduku, umefunikwa, na yeye alikuwa amelalia mkono wake.

Kwa Fundi nilifikisha ujumbe neno kwa neno, maana nilihofu nikipunguza nitaongeza uongo mwingine. Alilikata, basi alishone. Alisikiliza. Ninajua sasa kwamba hapo hapo alielewa nilisema nini Butihinda, kwa sababu alinigeuzia uso, kisha akauliza kama njiani kulikuwa na mvua. Jumapili alipiga simu na simu haikupokelewa. Jumapili iliyofuata pia. Hawakusikiana sauti tena, na siku tulipomzika Fundi, Jirani hakuja.

Alianza kushona. Kila Jumamosi nilimtungia sindano saba za kumtosha wiki, nikazichomeka kwenye kanga begani mwake, yeye aliyekuwa hatoi sindano kwa mtu. Alikuwa haoni tena isipokuwa mwanga wa mlango. Niliomba nimsaidie kuunga, akasema oya, yaani hapana. Niliomba walau nimwonyeshe mistari inaelekea wapi, akasema ataisikia kwa kidole, lakini mistari ilikuwa ya kuchapwa na kidole hakikusikia kitu. Nikawa naona jinsi kazi inavyokwenda na sisemi. Nani angesema? Aliyenifundisha hesabu ya mishono ni yeye.

Mara ya mwisho nilipomkuta ameketi barazani ilikuwa mchana, jua linamgonga magotini. Shati lilikuwa limekwisha, liko mapajani. Vipande ishirini na vinane vimerudi mahali pake, mistari mingine imesimama, mingine imelala, na mishono yote ni midogo na imenyooka, mizuri kuliko ya watu wenye macho. Juu alikuwa ameweka ile kola ya zamani aliyoigeuza mwenyewe kambini. Ilikuwa kola ya mwanaume mzima juu ya kifua kilichokuwa hakizidi shubiri yangu moja na nusu.

Alilitandaza, akapima kwa shubiri kutoka bega hadi bega. Akapima urefu. Akapima tena.

"Iko ya mutoto wa miaka saba," alisema.

"Ulijua, Mama?"

"Nilijua kutoka kipande cha kwanza. Jirani aliomba."

Hapo nikamwambia. Nikamwambia niliulizwa nani amekata nikamtaja yeye, na kwamba nitakwenda Butihinda wiki ileile kusema ukweli, hata kwa miguu. Alikuwa anakunja mikono ya lile shati, mmoja juu ya mwingine, kama tunavyokunja nguo ya kukabidhi.

"Weye, nani alikufundisha kukata?" aliniuliza.

"Wewe, Mama."

"Bon. Basi ni mi nilikata."

Nilimwomba basi niruhusiwe kulipeleka shati. Alitikisa kichwa. Alisema Jirani akiliona hilo atamwona kijana wake akiwa mdogo, atampoteza upya, na huo si mzigo wa kumtumia mtu. Mtaani watoto walikuwa wanatoka madrasa. Baadaye akaniambia nisimame nishushe nguo zote za ukutani, nizigawe kwa watu wazivae. Nilidhani sikusikia vizuri, nikauliza zote? Akasema zote, na kaptula, na koti la harusi. Zilikuwa kumi na moja. Nilizishusha moja moja nikingoja aseme lile neno lake la kila siku, la mwenyewe aliye njiani, na hakulisema. Misumari ikabaki mitupu.

Nilipomrudia niligusa lile shati lililokunjwa mapajani mwake, nikauliza na hili nilitundike wapi.

"Iyi haina mwenyewe," alisema, na akaliacha hapohapo.

Nikazibeba zile kumi na moja, nikatoka nazo.